Goti Nililolikunja

Watu wakikwambia kwamba Eufrasia wa Bangwe ana mikono, usibishe. Nakanda mwaka wa arobaini na tano sasa. Nimekanda wazazi wa siku tatu, nimekanda wachukuzi wa Kibirizi walioteguka vifundo kwa kuruka kutoka kwenye boti na gunia la dagaa mgongoni, nimekanda hata askari polisi mmoja aliyekuwa akilia kuliko wale wazazi. Maji ya moto, mawese, kitambaa cha pamba, basi. Mama yangu alinifundisha kule Kalinzi nikiwa msichana mdogo, na tangu hapo sijapumzika.

Sijisifu. Nasema hivi ili ujue kwamba aliyefanya jambo hili si mtu asiyejua goti. Ningekuwa sijui, ningepata pa kujificha.

Winfrida ni kitinda mimba wangu. Ana miaka ishirini na tisa, anafundisha shule ya msingi, na mwisho wa wiki ni mwamuzi wa mpira. Mwanzoni sikupenda. Mwanamke na kaptula mbele ya wanaume mia tatu wanaotukana! Nikaenda siku moja kumwona, nikiwa nimejiandaa kununa. Nikamkuta anamtolea kadi nyekundu beki mwenye shingo nene kama kinu. Yule bwana akaja juu, akapiga kelele, akamsogelea mpaka pua zikakaribia kugusana. Mwanangu hakurudi nyuma hata hatua moja. Alinyoosha mkono kuonyesha nje, akasubiri, na yule bwana akatoka. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele, na wiki nzima sikuwa na hadithi nyingine.

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikiwa imelowesha uwanja, aligeuka ghafla kufuata mpira. Mguu ukabaki kwenye tope, mwili ukaenda. Goti likajifunga pale pale, halikunjiki wala halinyooki. Wakamleta kwangu, na angepelekwa wapi kwingine? Nilimkanda wiki tatu. Uvimbe ulipungua, lakini goti lenyewe halikufunguka. Nilianza kulichukia lile goti. Wateja walikuwa wanapita mlangoni wanamwona mwanangu anachechemea, na mimi ndani nawafungua viungo watu baki.

Tukaenda Mwanza, hospitali kubwa. Daktari alikuwa kijana, anaitwa Gasper, ana umri wa mtoto wangu wa kwanza, na nilishaamua moyoni kutomwamini kabla hajafungua mdomo. Lakini alinisalimia vizuri, akavuta kiti, akaongea na mimi kama mtu.

"Mama, umeshabeba ndoo kichwani?"

"Tangu nina miaka sita."

"Basi unajua ngata. Ndani ya goti kuna ngata mbili za gegedu, zinakaa kati ya mfupa wa juu na wa chini ili isisagane. Ya Winfrida imepasuka, na kipande kimejikunja katikati. Ndicho kilicholifunga goti."

Akasema angeweza kukikata kile kipande na kukitoa, na mgonjwa angetembea baada ya siku chache, lakini mifupa ingeanza kusagana mapema. Kwa kuwa Winfrida ni kijana na kazi yake ni kukimbia, alitaka kukishona. Angepitia vitundu vidogo tu, huku akitazama ndani ya goti kwenye skrini. Kisha akanigeukia mimi, si Winfrida.

"Kushona ni saa moja, mama. Kupona ni miezi. Uzi ni mwembamba, na gegedu linashika polepole sana. Goti likikunjwa kupita kiasi kabla ya wakati, tutarudi hapa tukiwa na hali mbaya kuliko leo."

Nikaitikia. Nilisema "Ndiyo, daktari" kwa mdomo wangu huu.

Alishonwa, tukarudi Kigoma kwa basi, Winfrida amekalia viti viwili, mguu umenyooshwa ndani ya gango lenye vyuma viwili pembeni na mikanda ya kunata. Kulikuwa na karatasi ya masharti. Asikanyage kwa uzito wiki sita. Akunje kidogo kidogo, na asipite pale ambapo mguu unakaa mtu akiwa kitini. Asichuchumae miezi minne. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo nilimpata fundi akakata tundu kwenye kiti cha plastiki, na hilo nililifanya kwa moyo wote. Mara mbili kwa wiki tulipanda bajaji kwenda kwa Martini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye alikuwa akiukunja ule mguu kwa uangalifu mpaka mimi nikawa nataka kusinzia. Anakunja kidogo, anapima kwa rula yake, anaandika, anaachia. Nilikuwa nakaa pembeni mikono imekunjwa, namtazama kijana wa watu akilipwa mshahara kwa kazi ambayo mimi ningeimaliza asubuhi moja. Ndivyo nilivyofikiri. Sipunguzi neno.

Wiki ya nne, Jumamosi asubuhi, nilikuwa na wanawake wanne uani. Hadija wa Ujiji alikuwa amemleta wifi yake aliyejifungua, na wengine wawili walikuwa wa mgongo. Hadija ni mteja wangu wa siku nyingi na ulimi wake hauna breki. Winfrida alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mbele, anasahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Mama Winfi," Hadija akasema, "hivi huu mguu utakauka mpaka lini? Wewe unakanda mji mzima, wa kwako unamwachia kijana mwenye rula?"

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini yalinichoma. Kama angenitukana ningemjibu, ila alikuwa amesema lile lile nililokuwa najiambia kila siku nikirudi kutoka kwa Martini. Nikainuka, nikaongeza kuni chini ya sufuria.

"Leo mtaona," nikasema.

Nikampelekea Winfrida maji na mawese. Nikaanza kufungua mikanda ya lile gango. Akanishika mkono, taratibu.

"Mama, daktari alisema mwisho hapa." Akaonyesha kwa kiganja, pale pa mtu aliyekaa kitini.

"Daktari huyo alikunyonyesha?"

Wanawake wakaangua kicheko. Hadija akapiga makofi. Winfrida hakucheka. Aliwatazama wale wanawake, mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi. Sijui kama uliwahi kutazamwa na mtu anayepima jambo. Halafu akafunga madaftari, akalala chali kwenye mkeka, akaniachia mguu.

Nilikanda vizuri sana, ndilo linaloniumiza. Mikono yangu haikukosea hata mahali pamoja. Misuli ya paja ililegea, ngozi ikapata joto, goti likaanza kunisikiliza. Nikalikunja mpaka pale pa daktari. Nikavuta pumzi, nikalipitisha. Lilikaza kidogo, nikaegemea kwa uzito wangu kama ninavyofanya siku zote, na kisigino kikaenda kugusa paja. Kulitoka mlio mdogo ndani, mdogo kiasi kwamba wale wanawake hawakuusikia. Mimi niliuhisi viganjani. Winfrida alifumba macho tu.

"Ahaa!" Hadija akasema. "Si mnaona?" Wifi yake akapiga kigelegele, mtoto mchanga akashtuka akaanza kulia.

"Asante, mama," Winfrida akasema.

Jioni goti lilikuwa limevimba. Kesho yake lilikuwa limejifunga tena. Nilimwambia ni uchovu wa kiungo, litatulia, na nikamwekea majani, na nikajua nasema uongo. Jumatatu Martini alilishika mara moja tu, akaacha rula mezani. Akauliza kimetokea nini. Winfrida akasema, "Niliteleza." Siku tatu baadaye tulikuwa tena Mwanza, mbele ya yule yule Daktari Gasper.

Aliutazama ule mguu, akatazama picha, akavua miwani.

"Winfrida, umefanya nini?"

Nilikuwa nimekaa kando yake, mkoba wake mapajani. Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa yamejipanga mdomoni tangu basi lilipopita Kasulu.

"Nilichuchumaa, daktari," Winfrida akasema. "Chooni. Nilichoka na kile kiti."

Basi yule kijana akamsema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimwambia amesikitika, kwamba alimshona kwa matumaini kwa sababu alimwona ni mtu mwenye nidhamu, mwamuzi, anayejua maana ya sheria. Kwamba kile kipande sasa kimechanika vibaya na hakishoniki tena, itabidi akikate. Kwamba atatembea, atafundisha, lakini kukimbia dakika tisini kila wiki asahau, la sivyo akifika miaka arobaini atakuwa anatembea na fimbo. Winfrida alikuwa anaitikia, "Ndiyo, daktari. Samahani, daktari." Mwisho Daktari Gasper akanigeukia kwa upole, akasema, "Pole sana, mama. Najua ulijitahidi."

Nikasema asante. Nilisema asante! Siku nikifa, nadhani ndilo neno nitakaloulizwa kwanza.

Alikatwa kile kipande, tukarudi. Safari hii hakuhitaji gango wala karatasi ndefu, na baada ya wiki mbili alikuwa anatembea bila magongo, kama daktari alivyosema. Nyumbani hatukulizungumza, na waliomuuliza nje aliwajibu lile lile la kuchuchumaa. Alikuwa ananisalimia asubuhi, "Mwakeye, mama," kwa sauti ile ile ya siku zote, anakunywa chai, anakwenda kazini. Filimbi yake na kadi zake alizifunga kwenye mfuko wa nailoni akaziweka juu ya kabati. Nilitamani anitukane. Ningejua pa kuanzia.

Wateja walizidi kuja. Hadija alikuwa ametangaza Ujiji nzima jinsi nilivyolifungua goti kwa asubuhi moja, na hakuna aliyemwambia kilichofuata. Nikawa nakanda migongo na mabega, na mtu akinyoosha goti nasema leo sina nafasi.

Kisha ikaja zamu yetu ya jumuiya, wakasali nyumbani kwetu. Thobias, mwenyekiti, ni mtu mwema na habari zote za mtaa anazipeleka kwa Mungu kama zilivyomfikia. Akaombea wagonjwa, akaombea mvua, kisha akasema, "Tumwombee dada yetu Winfrida, Mungu amjalie roho ya utii, ajifunze kuwasikiliza madaktari na wazazi. Na tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama yake, anayemhudumia bila kuchoka. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," wakaitika wote. Nami niliitika. Winfrida alikuwa mlangoni na sinia la karanga, naye aliitika, kwa sauti ya kusikika.

Baada ya hapo niliacha kula vizuri. Watu wakasema nimekonda kwa kumuuguza mtoto.

Mwezi wa saba, jioni mapema, akaja Mwalimu Gervasi. Ndiye kiongozi wa waamuzi wa huku kwetu, mtu mzima, amestaafu ualimu, anaongea polepole. Nilimpa kiti, nikaleta chai. Akauliza habari za goti, akauliza habari za shule, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Nikajua kuna neno.

"Winfrida," akasema, "kuna wasichana kumi na wawili kule Kalinzi wanataka kujifunza uamuzi. Kazi ya kuwafundisha haina kukimbia. Mimi jina lako ndilo nililolitaja kwanza."

Nikaona uso wa mwanangu unafunguka. Miezi mitatu nilikuwa sijauona ukifunguka.

"Sasa," akaendelea, "kwenye kikao wenzetu wengine wamepinga. Wanasema mtu aliyeshindwa kufuata masharti ya daktari wiki sita atawafundishaje wengine kufuata sheria kumi na saba za mpira? Nimejaribu kukutetea, nikakosa la kusema. Wakishikilia hivyo kwenye kikao cha Jumapili, tutampa mwenzetu Leonardi. Nimeona nije nikwambie mwenyewe."

"Nimeelewa, mwalimu," Winfrida akasema. Uso ulikuwa umeshafungwa.

Nilikuwa nimesimama na birika. Nikaliweka chini.

"Hakuchuchumaa," nikasema.

"Mama, reka," Winfrida akasema haraka. Kwetu ni kusema acha.

"Hakuchuchumaa, mwalimu. Mimi nililikunja. Wiki ya nne, hapo uani, mbele ya wanawake wanne. Alinikataza. Alinionyesha na mahali pa mwisho. Nikamcheka." Nikamwambia yote, maji, mawese, kisigino, ule mlio. Nikamwambia na habari za Mwanza, kwamba nilikaa kimya na mkoba mapajani mtoto akisemwa kwa kosa langu, na jumuiya ikaja humu ndani tukamwombea roho ya utii, nami nikaitika. Sikulia, maana ningelia wangenionea huruma, na sikutaka kuonewa huruma.

Mwalimu Gervasi hakunitazama. Alimgeukia Winfrida.

"Nimekuona ukimtoa nje kwa kadi nyekundu mtu aliyetaka kukupiga," akasema. "Hukutetereka. Ulishindwaje kusema hapana kwa jambo unalolijua?"

"Yule hakunizaa," Winfrida akasema. "Na hakuwa na wageni."

Basi. Mwalimu akanywa ile chai chungu mpaka chini. Akasema, kwa kuangalia kikombe, kwamba akiwaambia wenzake yeye mwenyewe, wataona anabuni ili kumtetea. Wanaamini wanachosikia kutoka kwa mwenyewe. Kama mama anaweza kufika Jumapili na kusema alivyosema sasa, watu watakuwa ishirini na kitu, basi itasaidia. Nikamwambia nitafika. Akaaga, akaondoka.

Nilidhani Winfrida angenishika mkono. Nasema kweli, nilidhani hivyo, kwamba nimeshalitua na sasa tutalia pamoja yaishe. Alibaki amekaa.

"Hutakwenda," akasema.

"Nitakwenda."

"Watakucheka, mama. Unawajua wale. Kufika jioni itakuwa Kibirizi, itakuwa Ujiji, itakuwa kila mahali kwamba mkandaji Eufrasia alimlemaza mwanawe. Hakuna atakayekuja hapa tena."

"Waache wacheke."

"Waache wacheke!" Hapo sauti yake ilipanda, mara ya kwanza tangu siku ile. "Mimi nililala pale kwenye mkeka nikijua. Nilijua kila kitu, daktari alinichorea mpaka uzi unavyopita. Niliwatazama wale wanawake nikasema moyoni, nikimkatalia mama hapa, kesho wataanza kumcheka. Nikakupa goti ili usichekwe. Sasa ukienda mwenyewe kuchekwa Jumapili, mama, mimi nililitoa la nini?"

Nilikaa kwenye kiti cha Mwalimu Gervasi, na aibu niliyokuwa nimeibeba miezi ile yote nikaiona ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimedhani mtoto alizidiwa na mikono yangu. Kumbe alinihurumia. Alinipima pale mkekani, akaona mama yake ni mtu asiyeweza kuambiwa hapana mbele ya watu, na alipima sawasawa.

Giza likaingia ndani ya nyumba, nikawasha taa. Mwisho nikamwambia, "Mwanangu, silijui jibu la kukupa. Ila sitaki unifichie kosa langu tena."

Akaokota vikombe, akavipeleka uani.

Jumapili nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikapanda bajaji peke yangu. Waamuzi walikuwa wamekutana darasani, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Mwalimu Gervasi akanitambulisha, akakaa. Nikaanza na jina langu na kazi yangu, nikawaambia habari za Mwanza, nikawaambia nilivyoitikia "Ndiyo, daktari". Nilipofika pale nilipouliza kama huyo daktari alimnyonyesha, kijana mmoja wa dawati la nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na wawili watatu wakamfuata. Nikawatazama. Nikasubiri mpaka wakamaliza, kama mwanangu alivyomsubiri yule beki, kisha nikaendelea na yaliyobaki.